Kaburi la Upande wa Juu

Zimeni redio, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona wote wawili bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kunikatalia. Asteria, vuta kigoda. Nicholaus, acha kusimama mlangoni kama mtu anayengoja bodaboda. Kaa hapo juu ya gunia la kahawa, halitapasuka. Nitasema mara moja tu. Nikikohoa, ngojeni. Nikinyamaza, ngojeni pia, msidhani nimemaliza.

Nianze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Shamba la kahawa la Matiri mligawane kwa kufuata kijito: ng'ambo ni kwa Asteria, upande wa barabara ni kwa Nicholaus, na atakayetaka kuuza amuulize mwenzake kwanza. Shamba la ngoro hapo nyuma mlilime pamoja, kama alivyotaka mama yenu Lidia. Mashimo yale ya ngoro alianza kuyachimba babu yenu na hakuna mvua iliyowahi kuyashinda, msiyafukie. Pikipiki ni ya Nicholaus. Mwiko, pima maji na kalibu za misalaba ni zenu wote, isipokuwa kalibu mbili ambazo nitazisema. Simu yenye namba za wateja ni ya Asteria, na yeye ndiye atakayepokea kazi, kwa sababu Nicholaus ana mikono mizuri lakini ulimi wake hukubali kila anachoombwa, na ugonjwa huo ameupata kwangu.

Sasa nisikilizeni kwenye lililo zito.

Miaka thelathini na moja nimejenga makaburi, na sijaajiriwa hata siku moja. Kazi nilijifunzia Liuli kwa fundi wa Kinyasa, Mzee Tobias, tukichota mchanga ziwani na kuubeba kwa ndoo hadi makaburini, na alikuwa mtu wa maneno machache sana, lakini siku naagana naye kuja kupanda huku milimani aliniambia, "Raimundi, mteja akikuuliza usichokijua, sema hujui siku ileile. Kesho yake litakuwa limeshakuwa uongo." Niliitikia kwa adabu, nikalisahau kabla sijafika Mbinga.

Vijana husema kujitegemea ni raha kwa kuwa huna bosi. Raha ipo, sikatai. Lakini kila mteja ni bosi, na hujui yupi atakuita tena, na kuna wiki simu inakaa mezani haisemi kitu, ukainama kuiangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa, ukaitikisa, ukaenda nayo hadi kwenye kilima kutafuta mtandao, na mtandao upo, ila hakuna anayekutafuta. Kimya kile ndicho kilichonifundisha kusema ndiyo kabla swali halijaisha. Na watu walinitania sokoni, "Fundi Raimundi, wewe una bahati, wateja wako hawarudi kulalamika," nami nilicheka nao miaka mingi. Kuna miaka sita sasa sicheki.

Mnamjua Hamphrey, aliyetuletea watu wa hapa Maguu wote walioko Dar es Salaam. Makaburi kumi na tano tumejenga kwa mdomo wake. Kila mkisifiwa, ni yeye aliyeanza kutusifu. Basi jueni alivyoanza.

Miaka sita iliyopita alitaka kumjengea baba yake, marehemu Bartholomayo, kaburi la marumaru. Kwanza alimpigia Clemence, fundi wa kule Matiri. Clemence akaenda makaburini, akakuta msalaba wa mbao umeliwa na mchwa, na matuta mawili yamekaa jirani, moja juu na moja chini, yote hayana jina. Akamjibu Hamphrey kwamba hajui kaburi ni lipi, waje wenye mtu wao waonyeshe. Hamphrey hakuwa na nafasi ya kuja. Jumapili ile ndugu wote waliochanga wangekutana kwenye misa ya kumbukumbu, na alitaka awaonyeshe picha ya kabla na picha ya baada, kwa hiyo kazi iishe Jumamosi. Akanipigia mimi. Nikamwambia Clemence ni mvivu, tena simenti yake hupasuka. Uongo. Simenti ya Clemence haijawahi kupasuka. Hilo ni deni la kwanza: mpelekeeni zile kalibu mbili kubwa, za msalaba wenye mashada, na mwambieni kwa kinywa chenu mbele ya wateja wake kwamba Raimundi alimsingizia.

Nilifika makaburini Jumatano asubuhi. Matuta nilijua ni ya nani na nani: moja la Bartholomayo, moja la Pankras, yule mchimba ngoro wa vibarua, mume wa Bonifasia jirani yetu. Walizikwa mwaka mmoja, mvua moja. Lipi la nani, hilo sikulijua, ila juu ya kila tuta palikuwa na vyombo vya marehemu kama ilivyo desturi yetu, vimetobolewa matako visiibiwe: kikombe cha bati cha buluu, sahani, jembe lisilo mpini, bakuli. Mtu wa ukoo angetazama vyombo vile na kusema huyu ni wetu. Ningemwita Bonifasia tu, nyumba yake ni hatua mia mbili, angekuja na kunionyesha kikombe cha mumewe.

Lakini mimi nilikuwa nawaza picha ya kabla. Niliona majani na vyombo vyenye kutu, nikaona aibu kwa niaba ya mteja aliye mbali, nikasema ngoja pawe pasafi kidogo. Nikafyeka matuta yote mawili. Nikakusanya vyombo vyote, nikavirundika pamoja chini ya mwamba. Nikapiga picha. Niliporudi kwenye rundo lile, wanangu, nilisimama na kikombe cha buluu mkononi na sikujua kilitoka juu au chini.

Ilikuwa bado mapema. Jua lilikuwa halijapanda. Ningeweza kupiga simu, niseme Hamphrey, nimeharibu, nipe siku mbili. Nikaona jina langu likifutwa kwenye simu yake kama lilivyofutwa la Clemence. Nikachagua tuta la juu, kwa sababu liko karibu na njia na lingetoka vizuri kwenye picha. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Jumamosi mchana marumaru ziling'aa, kibao kikasema Bartholomayo, na Hamphrey akanitumia ujumbe wa sauti analia, akisema, "Mzee wangu, umemrudishia baba heshima."

Nipe maji, Asteria. Kidogo. Basi.

Siku ya tatu Bonifasia alikuja kumtazama mumewe. Nilikuwa nakusanya mbao. Alisimama muda mrefu mbele ya marumaru, kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayeogopa kumkosea fundi, "Fundi, mbona mume wangu alikuwa huku juu? Nikiinama kummwagia maji nilikuwa naona bati la jikoni kwangu. Pale chini mwamba unaziba."

Nikamjibu, nisikieni vizuri nilivyomjibu, nikamwambia, "Dada Bonifasia, umesahau. Majonzi huchanganya. Wako ni yule wa chini."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, akijitafuta kichwani mwake. Halafu akaniomba radhi. Alisema, "Nisamehe, Fundi, siku hizi hata chumvi naitia mara mbili." Akashuka, akapiga magoti kwenye tuta la chini, akaanza kulia upya kwa mtu asiye wake.

Alipoondoka niliinama pale juu, alipokuwa akiinama yeye. Nikaona bati la jikoni kwake, lote, na moshi ukitoka.

Tangu siku hiyo nikichanganya simenti kuna mtu husimama nyuma yangu. Simwoni. Ni mchana, jua linawaka, na bega langu la kulia linapoa kama mtu amenizibia jua. Hana hasira. Huuliza kama mgeni aliyepotea stendi: Fundi, hili jina ni la nani? Nimejenga Mbamba Bay, nimejenga Tingi, nikidhani ni mtu wa makaburi ya Maguu na hatanifuata hadi kule. Alinifuata, akauliza vilevile. Nicholaus, uliwahi kuniuliza kwa nini nasoma kibao mara tano kabla ya kukibandika. Nilikuwa namsomea yeye. Na nimeungama, msidhani sikuungama. Padri aliniambia niende kurekebisha ndipo nirudi. Sikurudi.

Na Bonifasia akaendelea kusahau. Nilimpa lile neno akalishika. Watoto wake wakimuuliza ufunguo uko wapi anasema, niacheni mimi, hata kaburi la mume wangu nililisahau, Fundi shahidi. Mimi shahidi.

Ningekufa nalo, wanangu, nisiwafiche. Lakini juzi Getrude, mjane wa Bartholomayo, mama yake Hamphrey, amefariki, na neno lake la mwisho ni kwamba alazwe kando ya mumewe. Mwili uko njiani kutoka Dar es Salaam, mazishi ni kesho kutwa. Hamphrey amemwagiza Nicholaus achimbe ubavuni mwa marumaru, upande wa juu kwenye nafasi, kisha wafunikwe wote wawili kwa sakafu moja ya zege. Mkichimba hapo, Pankras atakuwa katikati ya mke na mume asiowajua, chini ya jina la mwingine, na zege likishashika hakuna atakayelivunja tena hadi mwisho wa dunia.

Leo asubuhi nilimpigia Hamphrey mwenyewe. Nilikusudia kumwambia. Akaniwahi na shikamoo, akaniuliza kifua, akasema ananiletea blanketi zito la hospitali maana Maguu kuna baridi. Nikamjibu marahaba, mwanangu, safari njema. Ndivyo nilivyo. Hata kitandani.

Na wewe Nicholaus, nilipokudokezea jana ulisema, "Baba, waliokufa hawajui, na sisi tutakula nini?" Sikukasirika. Nilisikia sauti yangu ya Jumatano ile. Huenda Hamphrey atatuacha. Huenda wale kumi na tano watauliza kila mmoja kama wa kwake ni wa kwake, na wana haki ya kuuliza, na mtakwenda nao kaburi kwa kaburi na kuwajibu. Huenda mtarudi kwenye kahawa na mahindi kwa mwaka mzima, simu imelala mezani. Itazameni ikilala. Haiui. Mimi nilidhani inaua.

Kwa hiyo, kazi ikirudi, fanyeni hivi. Msijenge bila mtu wa ukoo kusimama hapo na kuonyesha kwa mkono wake. Msiondoe chombo hata kimoja juu ya tuta kabla hamjaandika kimekaa wapi. Mteja akisema Jumamosi na kazi ni ya Jumatano inayofuata, mwambieni Jumatano, akienda kwa mwingine aende. Msimseme vibaya fundi mwenzenu ili mpate kazi, maana mtaipata. Mkikosea, mpigieni mteja siku ileile, mkono ukiwa bado na simenti. Na kumbukeni kwamba aliye mbali huona picha, lakini anayepita hapo kila siku na jembe lake, yule asiyewalipa, naye kaburi linamhusu.

Kazi ya kesho ni hii. Toeni kibao. Marumaru msizivunje, ziacheni pale juu, ni za Pankras, ni deni langu kwa Bonifasia, mchongeeni jina lake vizuri, herufi pana. Tuta la chini mlijengee Bartholomayo kwa vitu vya nyumba hii, simenti ile ya stoo, bila kumdai Hamphrey chochote, na Getrude mchimbieni kando yake kule chini, upande usio na mwamba. Vyombo bado viko pale chini ya mwamba. Bonifasia atavichagua.

Hamphrey tutampigia, Asteria, utaweka sauti ya wote, nami nitasema. Pumzi ikinikatikia, malizia wewe, usipunguze neno. Lakini si sasa hivi. Miaka sita nimemtanguliza aliye mbali.

Sogeeni. Mkono uko wapi... huo wa nani? Nicholaus. Na wako, mama. Mungu awape wateja wachache mtakaoweza kuwatazama machoni. Awape usingizi. Mkiwa kazini bega lenu lipate jua. Mkigombana, mgombane kwa sauti, yaishe. Msimwogope yeyote hata mkamdanganya. Nimewaombea... nimemaliza hilo.

Sasa mwiteni. Yuko jikoni kwetu, nasikia mwiko kwenye sufuria, ni yeye ananipikia uji tangu Jumatatu, na kila asubuhi ananiuliza kama ameshautia chumvi. Mwambieni auache uji. Msimwambie kitu, nitasema mwenyewe. Niinueni. Zaidi. Hapo.

Karibu, dada. Kaa. Hapana, uji baadaye.

Bonifasia... hukusahau. Alikuwa huku juu.