Miguu ya Digory Nancarrow

Wapendwa waombolezaji, kabla ya yote, Hedley Nancarrow, mdogo wa marehemu, aliyepewa na familia kazi ya kusoma wasifu huu, anakiri mbele za Mungu kwamba mwezi wa pili mwaka huu aliukamata mkono wa kaka yake mgonjwa kwa nguvu, akautia katika mkono wa binti wa marehemu, mgonjwa akalia, na kosa hilo mtalielewa mbele.

Digory alizaliwa tarehe 9 Mei 1947 hapa Porthleven, kifungua mimba wa mwashi, akasoma shule ya hapa hapa hadi 1962, akajifunza useremala, na mwaka 1966 akaingia jeshi la majini. Helikopta za Sea King zilipoanza kazi kituo cha Culdrose mwaka 1970 alipangiwa humo, naye hakutoka mpaka 1997, na chombo hicho hakikuchagua kazi, kilishusha sikio lake baharini kusikiliza nyambizi, kilibeba askari na mizigo, kiliopoa mabaharia, na aliyening'inia kwenye waya kuwafuata alikuwa yeye. Helikopta ilistaafu miaka ishirini na moja baada yake, akasema, "Mwenzangu alikuwa na mgongo mzuri kuliko wangu."

Tarehe 14 Aprili 1973 alifunga ndoa na Loveday katika kanisa hili la Methodisti, wakajaliwa mtoto mmoja, Morwenna, na Loveday akatangulia kwa Bwana mwaka 2011.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza mwaka 2019, mwishowe akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na kila Morwenna alipokuja na mkate wa zafarani na kunyoosha mkono, baba aliuficha wake kifuani, akisema, "Usiguse, bado," na akiulizwa bado nini, anatazama dari. Tulichanganyikiwa, mmoja akasema ni kinyongo cha binti kuhamia London, mwingine akasema ni ugonjwa tu, Hedley akashika la kinyongo, ndipo akafanya aliyoyafanya.

Mwezi wa tatu alikuja Ken Bolitho, mwenzake wa helikopta aliyekuwa akimshusha kwa waya, na kabla ya salamu aliinama, akaitoa miguu ya Digory kwenye vikanyagio vya kiti, akaikanyagisha sakafuni, kisha akasema, "Haya, mzee, umefika," na Digory akampa mkono mwenyewe, akicheka. Ken akatushangaa, akaeleza kwamba helikopta angani hujaa umeme, nao hushuka na waya, kwa hiyo aliyening'inia sharti aguse kwanza maji au ardhi, la sivyo atampiga shoti anayemwokoa. "Alikuwa anamkinga mtoto, nyie mlidhani nini?" Tangu siku hiyo Morwenna alianza na miguu, na baba alimshika mkono mpaka chai inapoa.

Ila kama alimjua kuwa ni binti yake, au alimwona mtu wa kuopolewa baharini, Morwenna anatuuliza mpaka leo, nasi hatujui.

Alilala katika Bwana tarehe 3 Juni 2022, saa kumi alfajiri, Morwenna akiwa kando yake. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na wenzake wa Culdrose. Digory, kaka, Bwana akupumzishe, kazi umeimaliza.

Nanyi mtakaoshika kamba pale kaburini, tunawaomba mmshushe polepole, na mtu asinyooshe mkono wala kurusha ua mpaka jeneza liguse chini, kisha mumpishe Morwenna awe wa kwanza.