Mchungaji Bado, Aliyewanyima Wakubwa Amina

Huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 19 Aprili 1952, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yao alikuwa mtu wa sala fupi na sheria ndefu. Hakuna mtoto aliyegusa kijiko kabla ya Amina, na baba hakuisema Amina ikiwa mezani kuna jambo halijanyooka. Jumapili moja kipande cha nyama cha dada mkubwa kilitoweka sahanini wakati macho yote yamefumbwa. Baba alifika mwisho wa sala akanyamaza. Mchuzi ukaanza kuganda.

"Baba watoto, si useme Amina tule?" mama akanong'ona.

"Bado. Nyama ya mtoto haijarudi, nishukuru kwa kitu gani?"

Wakangoja mpaka mtoto wa nne, shavu limemvimba, alipoitema nyama ile kiganjani mbele ya wote. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetusimulia kisa hiki, akicheka hadi machozi. Dada yake mkubwa, aliyekaa hapa mbele, hacheki. Mpaka leo anasema nyama ile haikurudi nzima.

Alisoma shule ya msingi ya misheni ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wavulana hadi mwaka 1970. Walimu walimwandika kuwa ni mtulivu, jambo linaloonyesha kwamba hata walimu hukosea. Baada ya hapo alifanya kazi ya ufundi redio katika kibanda cha baba yake mdogo, na harufu ya risasi ya kulehemu haikumtoka vidoleni maisha yake yote. Aliingia chuo cha theolojia mwaka 1976, akabarikiwa kuwa mchungaji Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1980.

Yeye na mke wake, mwalimu wa hesabu, walikutana kwa sababu ya redio. Mwalimu aliileta kutengenezwa, ikapona, kisha ikawa inaugua kila mwezi. Mwalimu hakuwa mjinga. Aligundua kwamba kila fundi akiirudisha kuna waya mmoja ameulegeza makusudi. Siku moja akaiweka mezani akasema, "Fundi, kama una neno liseme, redio yangu iache ipumzike." Walifunga ndoa tarehe 1 Agosti 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Alihudumu miaka thelathini na saba katika kanisa moja tu, lile lililo kati ya gereji ya mabasi na soko la vitambaa. Ng'ambo ya barabara kuna msikiti, na kipaza sauti chake kilipokoroma, shehe alivuka mwenyewe kumwita. "Mchungaji, njoo, leo adhana inasikika kama mtu anakaangwa." Marehemu alipanda juu na bisibisi yake, akashuka na vumbi kichwani, wakanywa chai. Urafiki wao ulianzia kwenye ngazi ile na haukuvunjika.

Mwaka 2016 watu wa nchi hii waliingia barabarani kwa miguu yao wakamwondoa mtu aliyewakalia robo karne. Nafasi yake ikachukuliwa na Baraza la Mpito, lenye sura mpya chache na sura za zamani zilizobadilisha kofia. Tarehe 22 Agosti, mbele ya posta, askari wa Baraza hilo waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakiuliza uchaguzi ni lini. Wengine waliuawa. Wengine walipakiwa kwenye malori, na mmoja wao alikuwa fundi bomba wa miaka thelathini na miwili ambaye Jumapili ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu. Mama yake, muuza vitambaa sokoni, alikuja kanisani wiki ile akakifunika kinanda kwa kitambaa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. "Asikikute na vumbi," alisema.

Viongozi wa dini walikutana wakaandika wito wenye maneno mawili, amani na haki. Marehemu na shehe walikuwa miongoni mwa walioandika. Redio ya taifa ikausoma, lakini ikaishia katikati. Amani ikabandikwa kila ukuta wa mji huu, kwa rangi na picha ya njiwa. Haki haikupata hata gundi. Fundi redio wa zamani alikaa mbele ya redio yake akasema hiyo si hitilafu ya mitambo.

Ndipo wakubwa wa Baraza wakamchagua yeye aombe siku ya kuapishwa kwao rasmi, tarehe 12 Januari 2017, kwa kuwa walimwona ni mzee mpole. Ukumbi wa manispaa ulikuwa umepakwa rangi asubuhi ileile na ilinata kwenye mikono ya makoti ya waheshimiwa. Wote wakasimama, wakainamisha vichwa. Marehemu akawaombea wajane, akawaombea askari, akawaombea hata hao waliosimama mbele yake. Kisha akasema, "Na sasa, Bwana, tunangoja warudishwe waliochukuliwa mbele ya posta." Akanyamaza.

Mwenyekiti wa Baraza akafumbua jicho moja. Afisa wa itifaki akamsogelea kwa ncha za viatu, akasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Mchungaji, Amina."

"Bado."

"Bado nini tena, mzee wangu? Watu wamesimama!"

"Watoto wa watu hawajarudi. Wakirudi nitaisema."

Nchi nzima ilisikia. Waliokuwa nyumbani karibu na redio wanasema walisikia hata viatu vikisogezwa ukumbini. Hatimaye bendi ikaamriwa ipige, na waheshimiwa wakala kiapo hivyohivyo, juu ya sala isiyofungwa. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mchungaji Bado.

Familia inataka lijulikane lililofuata. Wenzake waliovaa vazi kama lake, walioandika naye wito uleule, walitoa tamko kwamba marehemu alijisemea mwenyewe. Mtu akakanwa na ndugu zake kwa neno ambalo hakulisema! Shehe peke yake alikataa kutia sahihi, na aliwaambia usoni kwamba wameufyata. Ilituuma wakati ule na inatuuma leo, na baadhi yao wamo humu.

Baada ya hapo waliokamatwa wakaanza kurudi kidogokidogo, wengine wakichechemea, wengine hawasemi kitu. Serikali ilisema haikuwahi kumshikilia mtu. Basi hao walitoka wapi, matembezini? Mpiga kinanda hakurudi. Mama yake alipomwuliza marehemu kama sasa ataisema Amina, kwa kuwa wengi wamerudi, alimjibu, "Mama, mimi nilifundishwa mezani. Mpaka irudi ya kila mtoto." Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Mkewe alishatoa amri: "Serikali ingoje, lakini mezani kwangu utasema Amina, chakula kinapoa." Naye aliisema, tena kwa sauti.

Kisukari kiligundulika mwaka 2009 na kwa miaka mingi alikimudu. Kilichomwangusha ni kusimama. Kila Jumatano yeye na shehe walikwenda lango la kambi ya askari kumwulizia mpiga kinanda, na kila Jumatano waliambiwa wangoje. Pale palikuwa na benchi la wageni, askari wakaliondoa. Kidonda kikatokea unyayoni, akakificha. "Mguu unanuka na wewe unavaa soksi mbili?" mkewe alimfokea. "Si safi zote mbili, mama?" Novemba 2017 mguu ulikatwa chini ya goti, katika hospitali ambamo wagonjwa walilala wawiliwawili na bandeji tulinunua wenyewe.

Waziri alikuja wodini na kamera. Akashika mkono wa marehemu, akaomba kwa ufasaha, akasema Amina. Hakuna aliyeitikia. Wodi nzima ilikuwa inamtazama mwenye kitanda. Mwishowe seremala aliyelala naye kitanda kimoja akasema, "Bado, mheshimiwa." Marehemu alicheka mpaka mshono ukamwuma.

Tarehe 14 Machi 2018, Jumatano, alfajiri, alimwuliza mkewe, "Amerudi?" Mwalimu hakuwahi kumdanganya, na hakuanza siku hiyo. "Bado," akamwambia. Akaomba maji, akanywa, akafa.

Tulishauriwa tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hatukuandika. Tumeletewa pia shada na Baraza la Mpito, lenye utepe usemao "Mtu wa Amani". Tunashukuru kwa maua. Neno la pili tumeligeuzia utepe pande zote, hatukuliona. Na waliotuma watu kuulizia viti vya mbele wajue vimeshapata wenyewe: dada yake mkubwa, na mama wa mpiga kinanda.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na shehe ambaye sisi tunamwita baba mkubwa. Ameacha pia mpiga kinanda. Tunamhesabu kati ya walio hai, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kutuambia vinginevyo.

Mchungaji atakayeongoza sala ya kaburini ameombwa na familia aishie pale marehemu alipoishia. Msiitikie. Simameni tu, na waheshimiwa wenye haraka wasimame pia.

Apumzike kwa amani huyu aliyesimama mpaka mguu ukamkatalia. Amina yake tutamsemea siku kinanda kitakapofunuliwa.