Mwanamke Aliyetembea kwa Jina Langu

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi ni Aikande, fundi cherehani wa hapa Rau. Majoho ya kwaya mnayoyaona pale mbele nimeyashona mimi. Leo nasema jambo nililolificha miezi mingi.

Mdogo wangu Godlisten anafanya kazi Ulaya. Mkewe, Ndeshi, yuko Himo na watoto. Mwaka jana Godlisten aliniletea kadi ya benki yenye jina langu, ya akaunti yake, ili ninunue mashine ya kufuma masweta. Nikaenda intaneti kafe pale mjini, nikapata duka lenye picha nzuri mno. Nikaandika kuuliza bei. Wakanijibu kwa upole: ukurasa wetu wa malipo umeharibika, tutumie namba ya kadi kwa barua pepe, na zile tarakimu tatu za nyuma, na sanduku lako la posta, na tarehe ya kuzaliwa, na jina la mama mzazi. Ndugu zangu, nilituma vyote! Nikatoka nikiimba.

Mashine haikuja. Asubuhi moja, ukungu wa mlimani umeshuka hadi kwenye migomba yangu, simu ikalia.

"Dada, uko wapi?" Ni Godlisten.

"Niko nyumbani, Rau."

"Mbona kadi inaonyesha jana umelala hoteli?" Akataja mji ambao sikuwahi kuusikia. Akasema benki ilipopiga simu hotelini kuuliza, mwanamke alijibu kwamba yeye ndiye Aikande. Akataja siku yangu ya kuzaliwa. Akataja jina la mama yangu, aliyelala kaburini Marangu!

Nikajitazama mikono.

Baada ya wiki kadhaa nikakuta kifurushi kwenye sanduku langu la posta. Barua ya ile hoteli ilisema: Bi Aikande, ulisahau kitambaa hiki chumbani kwako, karibu tena. Nikakifungua palepale kaunta. Kitambaa cha kichwa, cha hariri. Kilikuwa na marashi ya mtu, na unywele mmoja mrefu umenasa kwenye pindo. Ndugu zangu, kuna mahali duniani nilikuwa nimelala, nimekula, nimeondoka, na mimi sikuwepo!

Nikasema huu ni uchawi. Na kwa nini nisiseme? Nani mwingine alijua jina la mama? Nani alinuna kadi ilipokuja kwangu, isiende kwake? Nikampigia Godlisten: "Ni mkeo." Akaniamini. Akaacha kumpigia Ndeshi. Ndeshi alikuja kwangu analia, "Wifi, nimekukosea nini?" Sikumfungulia mlango. Mungu anisamehe.

Nilikonda. Nikiitwa jina barabarani sikuitika, niliogopa ataitika mwingine. Mwishowe, kwenye maombi ya akina mama, nikaanguka chini nikasema yote. Akina mama wakaanza kukemea mapepo. Lakini Mama Anasia, mzee wetu aliyestaafu benki, akanyanyua mkono. Akauliza taratibu: "Mwanangu, jina la mama yako ulimpa nani?"

Haleluya! Hapo ndipo nilipofunguliwa. Nililituma mimi, kwa lile duka! Kwa vidole vyangu, nimekaa kwenye kiti, mchana kweupe!

Mama Anasia hakunicheka. Tulimpigia Godlisten saa ileile, akaifunga ile kadi. Tukaenda polisi tukaandikisha. Mama Anasia akaniambia duka la kweli halikuombi namba za kadi kwa barua pepe, wala halina shida na jina la mama yako. Lisilo na anwani wala simu inayopokelewa, liache na picha zake.

Kesho yake nikachuma jani la isale, lile tunalobeba huku kwetu tukiomba radhi, nikapanda gari la Himo. Ndeshi alinikuta nimepiga magoti uani kwake. Kisha akalipokea jani, akasema, "Inuka, wifi. Mpigie mume wangu, umwambie mbele yangu." Nikampigia.

Yule mwanamke hakupatikana, namwombea. Ila simwogopi tena, maana Mungu wangu ananijua mimi bila kuuliza maswali. Asante Yesu! Na wewe uliyetuma namba zako mahali na unaona aibu kusema, usirudi na aibu hiyo nyumbani. Mtumaini Bwana, njoo hapa mbele sasa hivi. Ndeshi ndiye yule aliyekaa benchi la kwanza. Ameniambia atakushika mkono.