Auleria Mukantabana, Aliyeijibu Picha kwa Maua

Wapendwa waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, ni mama yetu Auleria Mukantabana. Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Ihembe, Karagwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Telesfori Bigirimana, kibarua wa mashamba ya kahawa aliyetoka Rwanda, na Mama Nikuze. Baada yake alizaliwa mtoto mmoja tu, Uwiduhaye.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ihembe, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuendelea, kwani mama yake aliugua, na kazi ya kumlea Uwiduhaye ikawa yake. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kufunga mbeleko kwa fundo la begani kushoto, kama mama yao alivyofunga.

Tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa na Mzee Projest Rweyemamu wa Igurwa, wakajaliwa watoto wanne. Uwiduhaye naye aliolewa mwaka 1983, ng'ambo ya Mto Kagera. Mwaka 1994 watu walipovuka kwa maelfu, marehemu alikwenda mtoni siku tisa mfululizo, akiuliza kila aliyeshuka kwenye mtumbwi. Mdogo wake hakuonekana.

Mwaka 2010 aliajiriwa kufanya usafi katika jumba dogo la makumbusho pale Igurwa. Siku moja aliagizwa aweke maua mlangoni. Yeye aliingia ndani, akaitazama kila kazi ya sanaa, kisha akaijibu kwa maua. Picha ya ng'ombe wenye pembe ndefu aliipa matawi mawili yaliyopinda na masuke ya mtama mwekundu. Nyundo ya mhunzi aliipa majani makavu ya mgomba, na katikati ua moja jekundu kama kaa la moto. Toka siku hiyo, kazi ya kila Jumamosi ikawa hiyo.

Mwaka 2012 ililetwa picha ya mwanamke aliyesimama katikati ya mafunjo, ametugeuzia mgongo, amebeba mtoto. Fundo la mbeleko lilikuwa begani kushoto. Marehemu aliweka ndoo chini. Mchoraji, Bwana Celestin Hagenimana wa Kyerwa, alikuwa bado yupo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ulimwona wapi?"

"Ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nafasi ilikuwa moja kwenye mtumbwi, akanisukuma nipande mimi. Mtumbwi haukurudi tena."

"Jina lake?"

"Hakusema, mama."

"Na uso je?"

"Nimejaribu mara nyingi. Kila nikichora, unatoka uso wa mama yangu mzazi. Ndiyo maana nimemgeuza."

Marehemu hakumlaumu. Alimshika mkono, akamwambia, "Basi ulikaa nafasi yake vizuri."

Kuanzia hapo picha ile ilipata mafunjo mabichi na maua meupe ya kahawa kila msimu. Mzee Projest mwanzoni alinung'unika: "Auleria, unanikatia kahawa kabla haijazaa!" Wiki iliyofuata ndiye aliyekata matawi mwenyewe, akamfungia kwenye baiskeli. Tuseme na hili, maana Bwana Lameck, mlinzi wa jumba, yupo hapa na ni shahidi: kila Jumatatu chungu cha maua cha picha ile kilikutwa kikavu, vingine vyote vikiwa na maji. Bwana Lameck alikibadilisha mara tatu. Marehemu alisema tu, "Ana kiu," akajaza tena.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Nyakahanga, na tunawashukuru wauguzi waliomhudumia. Ijumaa iliyopita alimwita binti yake Tuyizere. "Usimpelekee mafunjo tena. Amesimama humo miaka thelathini. Mpelekee maua ya nchi kavu." Jumamosi Tuyizere alichuma alizeti shambani, akapeleka. Aliporudi, mama alimuuliza, "Amegeuka?"

"Bado, mama."

"Haya. Nitazunguka mwenyewe upande wa mbele."

Alifariki dunia Jumanne tarehe 15 Oktoba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Mzee Projest. Watoto wanne, Evaristi, Edith, Tuyizere na Uwiringiyimana. Wajukuu kumi na mmoja. Na Bwana Celestin, ambaye alimwita mwanangu hadi mwisho. Kuhusu Uwiduhaye na yule mtoto wa mgongoni, familia ilikaa jana ikashindwa kuamua: tuwaandike kati ya walioachwa, au kati ya waliotangulia? Marehemu pekee ndiye anayejua sasa.

Mungu ampokee Mama Auleria, na ampumzishe karibu na walio wake. Amina.