Nafasi Nyuma ya Mkia wa Chuma

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe mama yao punguza hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kushindana na mtangazaji. Msinililie. Nimefanya kazi niliyoipenda na nimegombana na kila aliyestahili, sasa nilie nini? Nisikilizeni tu, kwa sababu askari wa pori anakuja kuchukua bunduki yake, na mimi hapa kitandani nimewasikia huko karakana mkizozana juu yake kama kuku waliomwagiwa mtama.

Bunduki ile ina teke la punda. Kitako chake cha mbao kimeshapasuka shingoni mara mbili, kikatengenezwa na mafundi wengine, na kikipasuka tena mbele ya mnyama aliyejeruhiwa, yule bwana hatarudi kutulalamikia. Ndiyo maana nilikupa wewe, binti yangu, na uliponiletea niipapase niliridhika. Ulipaka chuma masizi, ukanyoa mbao pale tu palipochafuka, kidogo kidogo, mpaka lile jino la chini ya mtutu likakaa kwenye mbao na kugusa kote. Nyuma ya jino ukapitisha bolti ya chuma, ubavu hadi ubavu, ukaijaza gundi pembeni, ili teke lipokelewe na bolti kabla halijaifikia mbao. Na kule nyuma kabisa, mkia wa chuma unapoingia shingoni, ukaacha nafasi nyembamba ya kupita kadi.

Sasa wewe mdogo wake, mpenda urembo, umeiona ukasema, "Dada, hili pengo ni aibu, mteja atadhani tumekosea kipimo. Tulizibe." Dada yako akakujibu, "Ziba mdomo wako kwanza." Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini nilikusikia pia ukikoroga gundi. Mwanangu! Ukiliziba, mkia ule unageuka kabari, na kila risasi ni nyundo juu ya kabari. Wale mafundi wengine waliziba hivyo hivyo, na kazi yao ilimeremeta vizuri sana mpaka siku ilipopigwa.

Basi shikeni neno langu. Ufunguo wa karakana, jiliwa, keekee na patasi zote ni za dada yako, na kwenye mbao kauli yake ndiyo ya mwisho. Wewe chukua meza ya mbele na wateja, kwa kuwa mimi nimewafukuza wengi kwa hasira zangu, na wewe unaweza kumchekesha hata mfiwa. Kinachopatikana mgawane sawa, kweupe. Nyumba ni ya mama yenu, na asisogezewe hata mto bila ruhusa yake. Na yule seremala jirani, aliyenirudishia randa yangu ikiwa na pengo kwenye makali akasema niliinunua hivyo, nimemsamehe. Mwacheni abebe jeneza langu. Kulitengeneza, hapana! Viungo vyake hulegea, na mimi sitaki kudondoka njiani.

Huyo anabisha hodi, ndiye askari wetu. Nenda wewe, mwanangu, ukampokee, umwonyeshe pengo kabla hajaliona mwenyewe, umweleze ni la nini, kisha apige risasi kwenye tuta la mchanga kule nyuma. Dada yako asimame karibu. Nendeni.

Mama watoto, nishike mkono. Unamsikia anavyomweleza? Utadhani pengo amelibuni yeye. Mwache, mwache, ndiyo kazi niliyompa... Eh! Hata dirisha limecheza. Na nyingine hiyo. Unaniminya, mama, teke halipo huku.

Mmerudi. Haina risasi? Fungua nione. Haya, ilazeni hapa mapajani. Taratibu... Shingo hii. Ukucha wangu unateleza tu, haukwami popote. Sasa kadi, mwanangu, ipitishe wewe, kwa mkono wako. Inapita?

Inapita. Umeona sasa.

Mungu awape mikono yenye subira, maana mimi nilipewa mikono tu... na awaache mzozane hivyo hivyo, lakini mle sahani moja. Radhi zangu mnazo, nyote wawili, hazina ufa. Mrudishieni bwana bunduki yake, msimsimamishe mlangoni. Na ile gundi uliyoikoroga... imwage, mwanangu... kabla haijaganda kwenye kikombe changu.