Viazi Vilivyozuiliwa Larne

Basi la kutoka Larne kwenda Belfast lilikuwa halijajaa, na mzee Hughie alikuwa amejificha nyuma ya gazeti ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake alikaa diwani Mawhinney, aliyewahi kupanda jukwaani kuusifu mkataba wa Brexit, uliokuja kuweka ukaguzi wa mizigo baharini kati yao na Uskoti. Kando yake alikaa mama mmoja, mfuko mtupu mapajani.

"Bandarini wamenizuilia viazi vya mbegu," mama alisema. "Kanipa dada yangu, Uskoti. Miaka thelathini navuka navyo bahari, leo naambiwa ni vya kigeni. Malkia wetu mmoja, viazi ndio wageni! Alhamisi ni sikukuu ya Mtakatifu Patriki, kila mtu anapanda viazi. Mimi nipande nini?"

"Mama, mkataba ule tunaujutia. Jana nimesema hata redioni."

"Nilikusikia. Unajuta vizuri kuliko ulivyosifu."

Hughie alikohoa kuficha kicheko.

"Tulidanganywa, mama."

"Lakini mliusoma?"

Diwani aliitazama mvua dirishani. "Tulipewa muhtasari."

"Mimi nilikupa kura kwa kuwa ulisema umeusoma."

Hapo kicheko kilimkauka Hughie. Naye alimpa kura, kwa sababu hiyo hiyo.

"Nitaiandikia serikali barua," diwani alisema basi liliposimama Belfast. Mama alikunja mfuko wake, akaenda mlangoni. Kwao huko, hata mwenye hasira hashuki basi bila kumshukuru dereva.

"Asante, mwanangu," alimwambia. "Wewe angalau umetufikisha ulikosema."