Jamhuri Haikunywa Manyasi

Bwana asifiwe, na awape subira, maana naona wengine mmeshaanza kuangalia saa. Mimi ndiye yule mama wa kuponda mawe ya dhahabu, mnaniona hapa Masara nimejaa vumbi. Leo nitawaambia kilichonitoa kisiwani Rusinga.

Bwana yangu aliuawa na ndugu yake wa tumbo moja. Waligombania mpaka wa shamba, mchana peupe, mimi nikianika dagaa wa omena mbele ya nyumba. Shemeji alimpiga jembe la kichwa, akampiga tena akiwa ameshaanguka. Polisi walipokuja niliwaeleza hivyo hivyo, wakaandika.

Ndugu zangu, nawaambia, shida ilianza baada ya matanga. Wazee wa ukoo walinikalisha chini, wakaniita kwa jina la kwetu Karungu. "Nyar Karungu, unataka kutufungia mtoto aliyebaki?" Mama mkwe alilia mpaka nikaona aibu. Kwetu damu ikimwagika ndani ya boma, hamli pamoja mpaka mnywe manyasi, ile dawa ya miti ya kusafisha watu. Tukanywa, hata watoto wangu wakanywa. Kesho yake nikapelekwa kwa wakili, nikaapa kwa maandishi kwamba sikuona kitu, bwana yangu alijikwaa tu. Nilidanganya, na nilijua nadanganya.

Nikabeba ile karatasi mpaka mahakama ya Homa Bay, kwa mwendesha mashtaka. Zamani tulizoea kusema kesi za mauaji ni za Mwanasheria Mkuu. Siku hizi kuna ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka, na huyo mwendesha mashtaka alikuwa ametumwa na ofisi hiyo. Msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Nikamwambia tumemaliza nyumbani, afunge faili.

Akanigeuzia jalada. "Soma hapa, mama. Nani anashtaki?"

"Jamhuri. Lakini madam, sisi tumekunywa manyasi."

"Mmekunywa nyinyi. Jamhuri haikunywa."

Wee! Nilikasirika. Nikamuuliza hiyo Jamhuri ilikuwa wapi nikizika. Hakunigombeza. Aliniuliza polepole, "Siku ya kunywa, shemeji yako alisema amefanya nini?"

Nikaikumbuka siku ile. Shemeji hakusema chochote. Wazee walisema "ile ajali," kibuyu kikapita, tukaenda nyumbani. Tulikuwa tumesafisha kitu ambacho hakuna mtu alikitaja. Nililia pale ofisini kuliko nilivyolia kaburini.

Hakunificha kitu. Aliniambia kuapa uongo ni kosa, naweza kushtakiwa mimi mwenyewe. Aliniambia pia nikisema ukweli, pengine pale bomani sitakaa tena. Nikaomba maji, nikanywa, nikamwambia aniite shahidi.

Siku yangu ilipofika nilikubali mbele ya jaji kwamba ile karatasi ni uongo. Kisha nikamwonyesha kwa kidole shemeji niliyempikia miaka tisa. Alifungwa. Nyumbani nilikuta vitu vyangu vimetupwa nje ya boma, na watoto wamekaa juu ya godoro. Mama mkwe hajaniongelesha mpaka leo. Simlaumu, amepoteza watoto wawili.

Namshukuru yule madam, aliyenipigia simu kila wiki ili nisirudi nyuma. Nawashukuru akina mama wa hapa mlionipa chumba na nyundo bila kuniuliza nimetoka wapi. Na wewe uliye na jambo la damu nyumbani, usikubali kutia mkono kwenye uongo ili watu wapate kula pamoja. Huo ugali hautakupita kooni.

Mwezi jana nilienda kumwona shemeji gerezani. Akasema, "Shemeji, nilimuua ndugu yangu." Ni mara ya kwanza kumsikia akisema. Nikamwambia, "Nimesikia. Nimekusamehe."